Milimita Moja

Jua halijavuka kilima, na mwalimu amekwisha kutundika mizani kwenye boriti ya baraza la ofisi ya kijiji. Ni mizani ya kuning'iniza, yenye uso wa duara kama saa ya ukutani na ndoano chini yake, inayopima hadi kilo 25. Anaichukua kaptura ya kitambaa ambamo mtoto huwekwa, anaining'iniza ikiwa tupu, anageuza skrubu ndogo mpaka mshale usimame kwenye sifuri. Halafu anatoa mkobani jiwe la mizani la kilo 5, la chuma, kama yale ya wauza nyama sokoni, analitia ndani ya kaptura na kusubiri. Mshale unacheza, unatulia. Anainama mpaka macho yake yawe usawa mmoja na mshale. "Tano," anasema, kisha anaandika tarehe, saa na hiyo tano kwenye daftari lenye jalada gumu.

Wanafunzi sita wamesimama nyuma yake wakipuliza viganja. Ni Julai, na baridi ya milima ya Kilolo, mkoani Iringa, haina utani. Hakuna aliyewaambia watazame. Lakini kesho asubuhi mmoja wao atapewa lile jiwe na kuachwa peke yake na mizani.

Wako mwaka wa tatu wa masomo ya afya ya jamii, na hapa wako fildi kwa wiki tatu. Wao humwita Madam. Wanakijiji humwita Dokta. Bibi wa nyumba ya jirani humwita "mwanangu" na kumletea viazi vya kuchemsha. Mimi nitamwita mwalimu, maana hakutaka jina lake liandikwe, na kazi anayoifanya ni ya ualimu kwelikweli. Nilikwenda kuandika habari za udumavu. Nikajikuta nimekaa siku tisa nikitazama mikono.

Habari yenyewe inajulikana, ingawa kila ukiisikia inaudhi upya. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini Tanzania wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka, kwa sababu ya lishe duni na maradhi ya muda mrefu. Mkoani Iringa walikuwa zaidi ya nusu. Njombe na Rukwa nako walikuwa takriban nusu. Na hii ndiyo mikoa inayolisha nchi. Ukila ugali Dar es Salaam leo mchana, huenda mahindi yake yalilimwa huku. Ghala limejaa, na mtoto wa mwenye ghala amedumaa. Kwa nini? Anayejibu haraka atasema "elimu kwa akina mama." Mwalimu huyu ametumia nusu ya umri wake kuwazuia wanafunzi wasijibu haraka.

Anaanzia kwenye ubao.

Ubao wa urefu ni wa mbao laini, una futi ya chuma ubavuni, kipande kilichosimama imara upande wa kichwa na kingine kinachoteleza upande wa miguu. Unahitaji watu wawili. Mtoto wa chini ya miaka miwili hulazwa. Aliyevuka miaka miwili husimama. Mtoto yule yule akilala huwa mrefu kuliko akisimama, kiasi cha milimita saba hivi, kwa hiyo ukimsimamisha aliyepaswa kulala sharti uandike kuwa umefanya hivyo. Msaidizi hupiga magoti nyuma ya kichwa, akakishika kwa viganja viwili juu ya masikio, utosi uguse mbao, macho yatazame juu moja kwa moja. Mpimaji huweka mkono wa kushoto juu ya magoti ya mtoto na kuyabonyeza polepole, kama mtu anayekunjua kanga iliyokaa sandukuni. Mkono wa kulia huteleza na kipande cha miguu mpaka nyayo zikae bapa. Asome upesi, hadi milimita, kwa sauti. Msaidizi airudie namba. Ndipo iandikwe.

Huo ni utaratibu wa kwenye karatasi. Kwenye ubao wenyewe kuna mtoto anayepiga kelele na mama anayeanza kujuta kwa nini alikuja. Mwalimu ana dawa yake. Anaulaza ubao chini dakika kumi kabla ya kuanza, katikati ya watoto, na kuanza kuupiga kwa vidole kama ngoma. Hasemi kitu. Mtoto mmoja anasogea na kuupiga. Wa pili anakaa juu yake. Baada ya muda ubao si kifaa cha hospitali tena, ni kitu cha kuchezea kilichokuwapo hapo tangu zamani, na zamu ya kulala juu yake inagombaniwa. Nilipomwambia ni ujanja mzuri, alinitazama kama mtu ambaye hakuelewa. "Mtoto akijikunja, nasoma mkunjo," alisema. "Sisomi urefu."

Siku ya tatu ilikuwa ya majaribio. Watoto kumi waliletwa zahanati, na kila mwanafunzi akampima kila mtoto mara mbili, mara ya pili akiwa amekwisha kukabidhi karatasi ya kwanza asiweze kuichungulia. Mwalimu naye akapima. Jioni, kwenye meza ya kulia ya nyumba ya wageni, alizitandaza karatasi zote na kuzisoma kwa namna ambayo sijapata kuona mtu akisoma namba.

Kwanza alilinganisha zao na zake. Binti mmoja alikuwa chini yake kwa milimita nne au tano karibu kwa kila mtoto. Hakumwita mzembe. Alimwomba amwekee mkono juu ya goti lake yeye mwenyewe, mwalimu, kama anavyomwekea mtoto. Mkono ukakaa juu ya kitenge kama kipepeo. "Unawaonea huruma," akamwambia. "Magoti yamebaki juu." Kijana mwingine vipimo vyake vya kwanza na vya pili vilifanana kwa watoto wote kumi, bila kupishana hata milimita. Mwalimu alikaa kimya, akazungusha kalamu. Kijana akakiri kwamba namba za kwanza alikuwa amezikariri. "Basi kesho rudia," likawa neno lake la mwisho, na kweli kesho yake kijana alirudia, na safari hii namba zake zikapishana kama za binadamu.

Cha tatu ndicho kilichonifanya nisogeze kiti. Mwalimu alichukua karatasi ya kijana aliyeonekana hodari kuliko wote na kuandika tarakimu kuanzia 0 hadi 9 kwa mstari. Kisha, kwa kila kipimo, akatazama tarakimu ya mwisho tu, ile ya milimita, na kuweka kijiti juu ya tarakimu hiyo. Vipimo ishirini, vijiti ishirini. Sifuri ilipata tisa. Tano ilipata saba. Zile nyingine nane zikagawana vinne vilivyobaki.

"Watoto wa kijiji hiki," aliuliza taratibu, "wanakua kwa nusu sentimita nusu sentimita?"

Kijana alicheka, halafu akafunika uso. Hakuwa amedanganya. Jicho lake tu lilikuwa limezoea kukimbilia mistari mirefu ya futi, kama sisi sote. Nilipofika nyumbani nilichukua daftari langu la matumizi na kufanya hesabu ile ile ya vijiti. Sitasema nilichokiona.

Unaweza kuuliza milimita chache zinamnyima nani usingizi. Jibu lilikuja siku ya upimaji wa kijiji, katika foleni, kwa mtoto wa kike aliyevaa sweta jekundu.

Mama yake hakuwa na kadi ya kliniki. Iliungua pamoja na jiko la nje. "Ana miaka miwili," alisema, na mwanafunzi akaandika miezi 24. Wakamlaza, wakapata sentimita 78.6. Kwa mtoto wa kike wa miezi 24, viwango vya Shirika la Afya Duniani vinaweka mstari wa udumavu kwenye sentimita 80.0. Mwanafunzi alikuwa amekwisha kuandika "amedumaa" mwalimu alipouweka mkono juu ya karatasi, akavuta kigoda na kukaa chini ya usawa wa macho ya yule mama.

"Kamwene, mama."

"Kamwene."

"Huyu alizaliwa tunavuna au tunapanda?"

Mama akafikiri. Mavuno yalikuwa yamekwisha, alisema. Mwalimu akauliza kama Nanenane ilikuwa imepita. Imepita, tena siku nyingi. Mvua je? Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha, watu walikuwa wanatifua, yeye hakupanda mwaka ule kwa sababu ya tumbo. Na Krismasi? Hapo mama akatabasamu: Krismasi alikuwa bado mchanga kabisa, mama mkwe alikataa asipelekwe kanisani kwa baridi. Mwalimu akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye miezi ya miaka mitano iliyopita na matukio yake kando: kupanda, palizi, mavuno, Pasaka, Mwenge, kifo cha Rais Magufuli Machi 2021, usiku wa sensa Agosti 2022. Akateremsha kidole. Novemba. Mtoto alikuwa na miezi 20, si 24. Kwa miezi 20 mstari uko kwenye 76.7, na mtoto mwenye sweta jekundu yuko juu yake. Mwanafunzi akakata neno aliloliandika kwa mstari mmoja, akatia saini pembeni. Kufuta hairuhusiwi.

Viwango hivyo vyenyewe vina asili inayofaa kujulikana na msomaji wa Kiswahili. Vilitolewa mwaka 2006 baada ya kufuatilia watoto wapatao 8,500 katika nchi sita: Brazili, Ghana, India, Norwe, Marekani na Omani. Walichaguliwa watoto walionyonyeshwa na kutunzwa vizuri. Wakakua karibu sawa, wa Muscat na wa Oslo. Kwa hiyo mzee anaposema "sisi ukoo wetu ni wafupi," kuna la kumjibu, ingawa mwalimu ana njia yake ya kulijibu, na nitaifikia.

Foleni iliisha saa saba mchana. Wanafunzi walikuwa wamechoka na wana haki ya kuchoka. Waliketi kwenye nyasi wakaanza kujumlisha. Mwalimu hakuketi. Alikuwa na rejista ya mhudumu wa afya wa kijiji mkononi, anaweka alama ya vyema kwa kila jina lililokuja, na alipomaliza aliwasomea majina ambayo hayakuwa na alama. Kumi na moja. Saba kati yao walikuwa wa kitongoji kimoja.

"Mmepima waliokuja," alisema. "Sasa ndiyo kazi inaanza."

Kesho yake hapakuwa na mizani wala ubao. Palikuwa na ua wa shule uliofagiliwa, majivu, majani, magunzi ya mahindi na vijiti. Akina mama walikaa upande mmoja, wanaume upande wa pili wa jengo, wasionane. Kila kundi liliombwa lichore kijiji chake ardhini. Wanafunzi walikatazwa kushika kijiti. Hilo lilikuwa gumu kwao kuliko baridi. Nilimwona binti mmoja akiikalia mikono yake.

Wanaume walianza na barabara. Ilikuwa ndefu, nyoofu, ya majivu mengi. Kisha maduka, makanisa mawili, uwanja wa mpira, ofisi ya kijiji, kilabu cha ulanzi, mashamba. Zahanati waliiweka kando ya barabara na kuendelea. Ramani nzuri, iliyopimwa kwa jicho la mtu wa bodaboda.

Akina mama walianza na maji. Chemchemi tatu, kila moja kwa jani la aina yake: ya masika, ya mwaka mzima, na ile ya kugombania. Kisha njia za kuni. Kisha mto, na hapo palizuka ubishi wa dakika ishirini kuhusu mahali pa kuvukia, kwa sababu gogo la zamani lilichukuliwa na maji na gogo jipya liko chini zaidi. Mwishowe mama mmoja mwembamba, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, alichukua magunzi sita, akayapanga ng'ambo ya mto, mbali, karibu na mguu wangu. Ilibidi nirudi nyuma. Kitongoji kile kwenye ramani ya wanaume hakikuwapo. Hawakukificha, hakiko njiani mwao tu.

Mwalimu hakufundisha neno lolote pale. Aliwapitisha wanafunzi kwenye ramani ya kwanza, halafu ya pili, halafu ya kwanza tena. Akawaacha wanakili.

Kuna tabia ya zamani ya wapimaji kuanzia pale gari linaposimama. Miaka ya nyuma, katika tafiti za chanjo, ilikuwa kawaida kusimama katikati ya kijiji, kuzungusha chupa au kalamu chini, na kufuata uelekeo wa shingo yake nyumba hadi nyumba mpaka watoto saba wapatikane. Njia nyepesi, imefanya mema mengi. Lakini anayeanzia katikati mara nyingi huishia katikati, na magunzi sita ya ng'ambo hayaguswi. Robert Chambers, aliyefanya kazi Kenya miaka ya sitini, aliwaandikia wataalamu wa maendeleo juu ya macho yao yanayoishia kwenye lami, katika kitabu chake cha 1983. Mwalimu huyu hawapi wanafunzi kitabu kwanza. Anawapa gogo la kuvukia.

Tulivuka alasiri ya siku iliyofuata. Ubao wa urefu una uzito wake, na unapoubeba begani kwenye mteremko unajua kwa nini vipimo vya urefu ni vichache kuliko vya uzito. Mwendo wa saa moja na nusu. Nyumba ya tatu ilikuwa ya matofali ya kuchoma na bati, safi, imefungwa. Kizingitini alikaa msichana wa miaka minane hivi na mdogo wake wa kiume mgongoni. Mama alikuwa kibarua, akipalilia shamba la mtu upande tuliotoka.

Mwanafunzi mmoja akaanza kufungua mikanda ya ubao. Mwalimu akatikisa kichwa. Mama hayupo, ruhusa haipo. Akamsalimia msichana kwa heshima ile ile aliyompa mama wa mtoto mwenye sweta jekundu, akaomba maji ya kunawa, akauliza kama yale mahindi uani ni ya kupukuchuliwa. Yalikuwa ya kupukuchuliwa. Basi tukakaa tukapukuchua. Jua lilihama kutoka ukutani likaenda uani, kutoka uani likaenda kwenye mgomba. Wanafunzi walianza kwa kutazama simu zao, kisha mtandao ukawakatalia, kisha wakaanza kumuuliza msichana habari za shule. Alikuwa darasa la pili. Wiki hii hakwenda. Hakuna aliyekuwa na dodoso mkononi, na hayo yote yalisemwa.

Mama alirudi karibu saa kumi na moja, jembe begani, akasimama njiani kwa mshtuko wa kuona watu wanane uani mwake. Mwalimu aliinuka yeye peke yake. Walizungumza mbali nasi, sijui nini, muda wa kutosha kwa jembe kushuka begani na kuegemezwa ukutani. Ndipo akaita ubao.

Kadi ya kliniki ilikuwapo, imeviringwa ndani ya mfuko wa plastiki na kuchomekwa kwenye paa. Kadi hii ya mstari wa ukuaji kwa asili ni kazi ya daktari Mwingereza, David Morley, aliyeanza kuitumia katika kijiji cha Imesi-Ile, Nigeria, na leo karibu kila mama wa Afrika anaifahamu. Vitone vya huyu mtoto vilipanda vizuri mwezi hadi mwezi, vikaanza kulala, halafu baada ya chanjo ya surua ya miezi tisa vikakoma. Kuanzia hapo ni karatasi tupu. Tarehe ya kuzaliwa ilisomeka: alikuwa na miezi 30 kamili.

Kazi ya kuuliza ilipewa yule binti wa mkono wa kipepeo. Nilikuwa nimemsikia siku ya kwanza akimuuliza mama mmoja, "Mtoto anakula mboga za majani, eti?" na mama, kwa adabu ya Kihehe, akamjibu ndiyo. Safari hii alikaa chini, kalamu mfukoni. "Jana alipoamka, kitu cha kwanza kuingia mdomoni kilikuwa nini?" Uji. Akanyamaza. "Halafu?" Uji ule ule, uliobaki sufuriani, alipewa na dada yake. "Halafu?" Kiazi. Kimya kirefu, nilitamani kukijaza, nikajizuia. "Halafu?" Jioni ugali na mlenda, lakini alikuwa amelala, akaamshwa, akala matonge mawili. Neno moja tu, halafu, na siku nzima ya mtoto ilikuwa imekaa mbele yetu kama ramani ya majivu.

Binti alivuta pumzi kutoa ushauri. Niliuona ushauri ukipanda kooni. Mwalimu, bila kumtazama, alisema kwa sauti ya chini, "Hajakuuliza." Basi binti akauliza: mama mwenyewe anaonaje?

"Maharage najua yanamfaa," mama alisema. "Mbegu nauza mimi mwenyewe. Nani atayapika saa nne asubuhi?"

Binti alitoa kalamu sasa na kuliandika neno kwa neno, hata lile "mimi mwenyewe."

Kisha wakamsimamisha mtoto kwenye ubao. Miguu wazi, visigino, makalio, mabega na kisogo vikigusa mbao, kidevu kimeshikwa kwa vidole viwili. Mwanga ulikuwa umepungua, mtu akamulika kwa simu. "Themanini nukta tisa." "Themanini nukta tisa." Wakamtoa, akacheza kidogo, wakamrudisha. Themanini na moja kamili. Mwalimu akauliza kama sifuri ile ni ya futi au ya jicho. Binti akainama, akatazama tena. Ni ya futi. Tofauti ya milimita moja inakubalika. Zikaandikwa zote mbili. Kwa mtoto wa kiume wa umri ule, mstari wa udumavu uko kwenye 85.1. Mstari wa udumavu mkali ni 81.7.

Usiku, kwenye karatasi kubwa iliyobandikwa ukutani, waliuchora mti wa sababu: juu chakula na maradhi, chini yake malezi, huduma, maji na muda wa mama, na chini zaidi nani ana ardhi, nani anaamua. Mchoro huu wanafunzi wa afya ya jamii duniani kote wanaujua kwa jina la UNICEF, ambayo iliutoa mwaka 1990. Wachache wanajua kwamba ulipikwa kwa sehemu kubwa hapa hapa Iringa, katika mradi wa lishe ulioanza miaka ya themanini kwenye vijiji 168 kwa fedha za Italia, vijiji vikipima watoto wao na kujadili matokeo yao. Moja ya mambo yaliyogunduliwa wakati ule ni kwamba watoto walilishwa mara chache mno kwa siku, mama akiwa shambani. Miaka arobaini, na mama wa ng'ambo ya mto alikuwa ametuambia jambo hilo hilo kwa sentensi moja. Sioni njia ya kulisema hili kwa upole: tulijua.

Ilibaki kugawa matokeo. Wastani wa kijiji ulikuwa kama wa mkoa, haukumshangaza mtu. Wanafunzi wakajaribu kuwagawa watoto kwa paa la nyumba, kama vitabu vinavyoelekeza, na ikawa kazi bure, maana karibu nyumba zote zina bati. Mwalimu aliwarudisha kwa wanakijiji waulize nini kinatofautisha kaya na kaya hapa. Jibu lilitolewa na mzee mmoja bila kusita: kuna anayeajiri kibarua na kuna anayekwenda kibarua. Wakapanga upya kwa kipimo hicho, na kwa upande wa mto. Namba zikaachana kama njia panda.

Kwenye mkutano wa kijiji yule mzee mwenye hoja ya ukoo hakukosekana. Alisimama akasema kwao wanazaa wafupi, na watu wakacheka. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akamuuliza kama ana ndugu aliyehamia mjini. Anaye, Mafinga, ana duka. Na watoto wake? Mzee akainua mkono kuonyesha, ukapita kichwa chake mwenyewe, akabaki ameushikilia hapo huku anacheka. Baada ya hapo mjadala haukuwa wa urefu tena. Ulikuwa wa gogo, wa nani atabaki na watoto wakati wa palizi, na wa mizani kuvuka mto kila baada ya miezi mitatu. Hili la mwisho lilipopita, mwalimu aliomba tarehe. Mtendaji akasema watapanga. Mwalimu akasubiri, kalamu juu ya daftari lenye jalada gumu, mpaka tarehe ikatajwa.

Nakuomba jambo moja, msomaji mwenye mtoto mdogo. Kliniki nyingi humtundika mtoto kwenye mizani, huandika uzito wake, humrudisha kwa mama. Mwezi ujao omba apimwe na urefu. Mvue viatu kabla hamjafika mezani, na ukiona magoti yamebaki juu, sema.